Padiri kitandani: namna ya kuchukua kumbukumbu za utoto wa mzee

Usianze na "Nisimulie maisha yako." Mimi nilianza hivyo, mwaka 2018, barazani kwenye nyumba ya mapadri hapa Bukavu. Simu iko mezani inarekodi, daftari jipya, kalamu mbili. Padiri alinijibu kwa dakika nne: kazaliwa 1946, kasoma, kaingia seminari, kapewa upadri, katumwa Kongo, Mungu ni mwema. Halafu akaniuliza kama nimekunywa chai.

Ukimwomba mzee maisha yake yote, atakupa yale aliyozoea kuwapa wageni. Hana nia mbaya. Ameshayasema mara nyingi mno, yamekuwa kama hotuba ya harusi ambayo watu huipigia makofi huku macho yako kwenye sahani.

Wakati huo nilikuwa sekretari wa parokia. Padiri alikuwa karibu kurudi kwao Italia, mji wa Parma, ambako Guido Maria Conforti alianzisha shirika lao la wamisionari, Waxaveri, mwaka 1895, na ambako wazee wao huenda kupumzika. Yeye mwenyewe hakuzaliwa Parma mjini bali katika kamji kadogo kwenye milima ya Apennini, kusini yake. Vijana wa kwaya walitaka kijitabu cha kumuaga, wakanipa mimi kazi kwa sababu nilikuwa na kompyuta. Kuuliza nilikuwa sijui. Nilijifunza kwake, kwa kukosea, na baadaye nikayatumia yaleyale kwa mama yangu mzazi, ambaye ni mgumu kuliko padiri yeyote niliyemfanyia kazi.

Anza na sufuria

Siku ya pili nilimuuliza hivi: "Padiri, wakati ulikuwa na miaka saba, jioni mulikula nini, na nani alipika?"

Akasema: bugali.

Nilidhani ananitania. Lakini ni kweli. Kwao inaitwa polenta, unga wa mahindi ya njano. Mama yake alikuwa na chungu cha shaba kilichoning'inia kwa mnyororo juu ya moto. Maji yakichemka alitia chumvi, kisha akanyunyiza unga kwa mkono mmoja, kidogo kidogo, kama mtu anayelisha kuku, mkono wa pili ukikoroga kwa mti mrefu. Halafu kazi ikawa kukoroga tu. Dakika arobaini bila kuacha, watoto wakipokezana mama akichoka. Ikiiva ilimwagwa yote juu ya ubao katikati ya meza, ikaachwa ishikane, ikakatwa kwa uzi. Hapo Padiri alisimama, akanyoosha uzi usiokuwepo kati ya mikono yake miwili na kunionyesha: unaupitisha chini ya polenta, unauvuta juu, kipande kinaachana na kingine bila kukwama kama kinavyokwama kwenye kisu.

Mtu aliyenipa dakika nne kwa miaka sabini na kitu alinipa robo saa kwa chungu kimoja. Na katika robo saa hiyo walipita watu: baba yake, aliyekaa upande wa ubao ulio karibu na moto na hakuna aliyethubutu kukikalia kiti chake, dada yake mkubwa, mwenye uzi, aliyekata vipande vikubwa kwa anaowapenda, na nyanya, aliyewaonya kwamba zamani watu wa bondeni waliokula polenta tupu mwaka mzima walibabuka ngozi na wengine wakarukwa na akili. Huo ni ugonjwa unaoitwa pellagra, wa kukosa vitamini ambayo mwili hauipati kirahisi kwenye mahindi, na uliwatesa sana maskini wa kaskazini mwa Italia mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Nyanya hakujua habari za vitamini. Alichojua ni kwamba ukipata kijipande cha jibini, weka juu.

Jioni nikamweleza mama. Alikuwa anasonga bugali wetu, wa muhogo uliochanganywa na mahindi, na hakugeuka hata kunitazama.

"Dakika arobaini? Walikuwa wanapika mawe?"

Kimya. Mwiko unazunguka.

"Na chumvi ndani?"

Kimya tena. Halafu, bila mimi kuuliza lolote: "Mwiko wa mama yangu alikuwa ameuchonga kaka yake. Kaka alipokufa, mama hakusongea tena. Aliuchomeka juu ya mlango, tukanunua mwingine."

Nilikuwa na miaka thelathini na nane. Miaka yote hiyo nimekula mkononi mwa mwanamke huyu na sikuwahi kusikia habari za mwiko juu ya mlango.

Kwa hiyo swali lako liwe dogo: chakula kimoja, saa moja ya siku, umri mmoja. Ukisema "zamani mlikuwa mnakula nini" utapewa orodha ya vyakula, sombe, maharagwe, sambaza, na mzee atakuona mtu wa shirika anayejaza fomu.

Usichokielewa, usikiruke

Siku ya tatu tulikuwa kwenye baridi. Nilitaka kujua theluji ikoje, jambo ambalo kila mtu wa Bukavu angeuliza. Akaeleza, na katikati ya maelezo, kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema: "Na usiku, kabla hatujalala, mama aliweka padiri kitandani."

Kalamu ikasimama. Nilitazama chini. Nikaona nimefika mahali ambapo sekretari hapaswi kufika, nikakohoa kidogo na kumuuliza habari za shule.

Lilikuwa kosa langu kubwa kuliko yote. Ilinichukua wiki nzima kupata ujasiri wa kurudi pale, na alipoelewa nilichokuwa nimefikiri alicheka mpaka akavua miwani. Kwa Kiitaliano prete ni padiri, na prete pia ni chombo: fremu ya mbao iliyopindwa, ndefu kama nusu ya kitanda, ambayo huingizwa chini ya blanketi ili kuziinua zisishike moto. Ndani yake huwekwa chombo cha chuma chenye makaa yaliyofunikwa majivu. Baada ya muda mama anatoa vyote na mtoto anajitupa kitandani joto likiwa bado halijatoroka. Chumbani hakukuwa na moto mwingine. Asubuhi kioo cha dirisha kilikuwa na barafu upande wa ndani, na wao walichora humo kwa ukucha. Kwa nini chombo hicho kiliitwa padiri? Watu wa kwao wana majibu kadhaa, na kabla ya kunipa hata moja Padiri alinyoosha mkono akaizima simu yangu mwenyewe.

Alinichorea ile fremu, mistari sita nyuma ya fomu ya ubatizo iliyoharibika. Mchoro huo ninao. Tangu siku ile, neno likinishtua au likinipita, sitikisi kichwa kama aliyeelewa. Nauliza: kilikuwa kikubwa kama nini? Kimetengenezwa kwa nini? Kilikaa wapi ndani ya nyumba? Nani alikatazwa kukigusa? Kisha nampa karatasi. Wazee wanaoapa kwamba hawajui kuchora ndio wanaochora vizuri.

Jina la kitu nalo liache kama mzee alivyolitamka. Nilitaka kuandika "kipasha-joto cha kitanda". Hakuna mtoto aliyewahi kulala na kipasha-joto cha kitanda. Vilevile castagne, zile mbegu za mti mkubwa wa milimani, zinazokaa ndani ya ganda lenye miiba kama mgongo wa nungunungu: niliacha castagne. Kwao walizikausha katika kibanda cha mawe, moto hafifu ukiwaka chini na castagne zimetandazwa juu kwenye vijiti, moshi ukipenya katikati, kwa mwezi mzima au zaidi. Kisha zinasagwa, unga wake ni mtamu. Watu wa milima ile waliuita mti huo mti wa mkate, na ukiambiwa hivyo unaelewa kwa nini hakuna aliyeukata bila kugombana na jirani.

Tumia utoto wa mmoja kumchokoza mwingine

Hili niligundua kwa bahati, ile jioni ya mwiko, na sasa nalifanya kwa makusudi. Mama hajibu maswali. Ukimuuliza anakwambia, "Weye mutoto, unauliza kama polisi." Ila ukimletea habari ya mtu mwingine ambayo anaiona ya kipuuzi, hawezi kujizuia.

Nilimweleza kwamba kule Italia, usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari, kuna kikongwe anayeitwa Befana, anapita juu ya fagio na kujaza soksi za watoto. Mtoto mwema anakuta pipi, machungwa madogo, karanga. Mtoto mbaya anakuta makala, yaani makaa.

"Makala?" Mama aliweka chini sinia la maharagwe. "Gunia ni bei gani leo? Huyo kikongwe apite hapa. Mimi nilikuwa mbaya sana."

Na kwa sababu ameshasema alikuwa mbaya, ikabidi athibitishe. Nilipata jioni nzima.

Mwaka utafutwe kwa mlango wa nyuma

Mzee hakumbuki mwaka. Anakumbuka nani alikuwepo na nani hakuwepo. Padiri aliniambia siku televisheni ya kwanza ilipoletwa kwenye baa ya uwanjani, watu walikuja na viti vyao kutoka nyumbani, wamevibeba kichwani kama waenda msibani. Mwaka gani? "Nilikuwa mdogo." Hiyo haisaidii. Televisheni ya taifa kule ilianza matangazo tarehe 3 Januari 1954, kwa hiyo si kabla ya hapo. Nikauliza nani alikaa mbele. Akasema, mjomba, aliyerudi kutoka Ubelgiji, alikaa mbele kwa sababu ya kifua.

Kifua gani? Ndipo ikatoka. Mwaka 1946 Italia na Ubelgiji zilipatana: Italia itoe wafanyakazi, Ubelgiji itoe makaa ya mawe. Ubelgiji ileile iliyokuwa inatutawala sisi huku. Mjomba alikwenda na wengine, akaingia chini ya ardhi. Tarehe 8 Agosti 1956 moto ukawaka katika mgodi wa Bois du Cazier, Marcinelle, wakafa watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitaliano. Mjomba alikuwa mgodi mwingine, lakini barua yake ilichelewa, na nyanya alikaa kizingitini kila siku akimngoja mtu wa posta. Padiri alikuwa anakaribia miaka kumi. Anakumbuka kwamba siku hizo hakuna aliyemtuma dukani, maana kila mtu alisahau kwamba yupo. Basi televisheni ilikuja baada ya hapo, mjomba akiwa amesharudi na kikohozi chake. Sikupata mwaka kamili. Nilipata kitu bora kuliko mwaka.

Kuzaliwa kwake tulikupata hivyohivyo, ingawa hati anayo. Tarehe 2 Juni 1946 Waitaliano walipiga kura kuchagua kati ya mfalme na jamhuri, na ilikuwa mara ya kwanza wanawake kupiga kura ya nchi nzima. Mama yake alikuwa na mimba ya miezi sita. Alizoea kusema kura yake ilipigwa na watu wawili.

Kwa wazee wa hapa kwetu, andika milango yao kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kabla hujaenda. Vita ya Schramme, 1967, mamluki wa Mbelgiji huyo walipoushika mji huu wa Bukavu kuanzia Agosti mpaka mwanzoni mwa Novemba. Pesa ya zaire, iliyoanza mwaka huohuo. Jina la nchi kubadilishwa, Oktoba 1971. Majina ya kikristo kukatazwa, 1972; huo ni mlango mzuri sana, maana unauliza tu: "Wakati huo mwalimu alikuita Marie, au alikuwa ameshaanza kukuita jina lile lingine?" Hakuna mama wa umri wake anayesahau.

Miguu inakumbuka kuliko kichwa

Mwombe mzee akutembeze kutoka mlangoni kwao mpaka shule. Usimkatize. Weka karatasi kubwa, yeye aelekeze, wewe chora.

Padiri alipita kwanza kwenye birika la mawe walipofulia wanawake, wamepiga magoti, wakifua kwa maji ya majivu. Akapita kanisani, akapita kwa fundi viatu. Akafika shuleni amevaa joho jeusi lenye kola nyeupe, na wakati wa baridi ana kipande cha kuni kwapani, kwa sababu kila mtoto alichangia moto wa darasa. Aliyekuja bila kuni alikaa mbali na jiko. Sikumuuliza kama yeye aliwahi kukaa mbali. Nilimtazama tu, naye akatazama ziwa.

Mama alinitembeza kutoka Kadutu, hapahapa Bukavu, kushuka kwenye chemchemi. Wewe unayeijua Kadutu unajua mtelemko ninaousema. Alihesabu nyumba kwa majina ya mbwa. Alikuwa na mtungi wa udongo wa nyanya yake, na mahali fulani penye mizizi ya mti alianguka na mtungi ukavunjika. Alionyesha kwenye karatasi kwa kidole, akarudia: hapa. Nikaweka alama ya msalaba.

Akisema zima, zima

Kuna siku Padiri alianza habari za baba yake mwaka 1944, Wajerumani walipopanda milimani kuwasaka wapiganaji. Yeye alikuwa hajazaliwa. Aliyasikia kwa nyanya. Akasema, zima. Nikazima, nikafunga daftari, nikaweka kalamu juu yake ili aone. Alizungumza mpaka giza. Hayo hayamo kwenye kijitabu na hayamo hapa.

Mama kuhusu 1967 alifika mpaka barabarani, watu wamebeba magodoro, kisha akaniomba nimpe sinia. Nikampa.

Vyombo

Simu inatosha. Iweke kwenye kitambaa kilichokunjwa, la sivyo kila kikombe kinachotua mezani kitasikika kama mlango. Usirekodi zaidi ya dakika arobaini kwa siku, mzee anachoka kabla hajakuambia kwamba amechoka. Alfajiri ni bora kuliko jioni. Mvua ikianza kupiga bati, kunyweni chai tu.

Na kila jioni hamisha rekodi kwenye kadi nyingine. Mimi nilimpelekea fundi kibandani simu yangu ibadilishwe betri, akairudisha inang'aa kama mpya na tupu kama mpya. Rekodi mbili zilikwenda, mojawapo ya castagne. Padiri alinirudia bila kulalamika, lakini safari ya pili alikuwa anakumbuka alivyonisimulia mimi, si alivyokuwa kwao. Ilitoka fupi na safi. Nilimkosa nungunungu, hilo la mgongo wa nungunungu nimelipata kwenye daftari.

Kuandika

Andika alivyosema, siyo alivyopaswa kusema. Padiri alikuwa anachanganya Kiswahili, Kiitaliano na Mashi katika sentensi moja, na nilipomnyoosha alitoka kama mtangazaji wa redio. Nikaanza upya. Ndugu wawili wakipingana, andika wote wawili. Dada yake aliposomewa kwa simu alisema hakuna vipande vikubwa alivyompa mtu yeyote, kila mtu alipata sawa. Vyote viwili vimo, ukurasa mmoja.

Chapisha nakala moja tu kwanza, kwenye sekretaria yoyote ya barabarani, na umpe mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona. Padiri alirudisha ya kwake na wino mwekundu mahali pamoja pekee. Penye "dakika arobaini" aliandika: "Saa nzima. Nilikuonea huruma."

Mama haoni vizuri, kwa hiyo nilimsomea, jioni tatu, naye akipembua maharagwe. Hakusema neno mpaka tulipofika Kadutu, penye msalaba. Akainua mkono.

"Umeandika nilianguka na mtungi."

"Ndiyo, mama. Si ulisema?"

"Nilisema. Sasa andika ni nani alinisukuma."